Kosa Si la Mkono

Jumamosi, 16 Septemba

Nimeupata mpini! Bastola yangu imekamilika, angalau kichwani. Mtutu wa Kijerumani. Kiunzi cha Kirusi. Kifyatuo cha Kiitalia nilichouziwa na mjane wa mfamasia. Vilengeo vya hapa hapa Moravia. Na leo mpini wa mti wa jozi, umechongewa nafasi ya kila kidole, unang'aa kama mkate uliopakwa yai. Niliukuta kwenye mnada wa wapenda shabaha, meza ya Bořek, yule anayeuza pia asali. Akasema hauzi, anabadilishana tu. Nikampa chupa mbili za pombe ya plamu, zile nzuri. Květa, mke wangu, hajajua.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Bastola yangu ya zamani haina shida. Fundi Vavřinec aliikagua akasema ni nzima kuliko mimi. Ila tangu kiangazi risasi zangu zinatawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Mkono wa kulia unatetemeka. Si sana. Nikishika kijiko cha supu, supu inajua, basi.

Klabuni mwenye mkono wa kutetemeka huambiwa kwa upole aweke silaha kabatini. Slavomír aliambiwa hivyo mwaka jana. Aliyemwambia ni mwenyekiti wetu, Zbyněk Pazdera, huku amemshika bega. Sasa Slavomír anafuga sungura na hafiki hata kwenye bia. Mimi sungura nampenda akiwa kwenye mchuzi wa krimu tu. Wakinitoa pale uwanjani, nitakuwa nani? Mzee mwenye bustani.

Kwa hiyo mpango ni huu: bastola nzito. Kitu kizito hakitetemeki. Hiyo ni sayansi. Tarehe thelathini ni mashindano ya kibao, na mwaka huu kibao kimechorwa bata bukini aliyevaa kofia ya jenerali. Mshindi huandikwa jina na kibao hutundikwa baani. Pazdera amejaza ukuta mzima. Mimi sina hata kimoja. Nikipata hicho, nani atathubutu kunishika bega?

Jumapili, 17 Septemba

Balaa. Mpini haunikai. Nimeugeuza huku, nimeugeuza kule, kidole gumba kinabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Květa alikuwa anakanda unga jikoni. Akatazama mara moja akasema, bila hata kuacha kukanda, kwamba huo ni wa mkono wa kushoto.

Nikamwambia najua.

Nikampigia Bořek simu nirudishe. Amesema pombe imeshanyweka, na biashara ya pombe iliyonyweka hairudi nyuma. Mwizi!

Halafu, kama vile Mungu ana mzaha, akaingia Pazdera kuuliza nani ataleta soseji siku ya mashindano. Akaona mpini mezani. "Eh, Olda! Umekuwa wa mashoto tangu lini?" Nikajibu tangu kuzaliwa, ila walimu walinilazimisha kwa rula nitumie wa kulia, na sasa uzeeni nimeamua kurudi kwenye asili yangu. Maneno yalinitoka yenyewe. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema walimu wa zamani walikuwa wakatili kweli. Ameshika njia kwenda kuwaambia wote.

Basi imekuwa. Mimi ni wa mashoto.

Alipoondoka nikanyoosha mkono wa kushoto nione nimejiingiza wapi. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Haukutetemeka! Umetulia kimya, mkono mpya kabisa, haujatumika tangu nizaliwe. Nikakaa juu ya sanduku la makaa, machozi yakanilenga. Květa akauliza kama nimeumwa na kiuno. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 21 Septemba

Fundi Vavřinec ameziunga sehemu zote. Amecheka mpaka akavua miwani. Anasema hajawahi kuona Mjerumani, Mrusi na Mwitalia wakishikana hivyo bila vita. Nikaomba nijaribu risasi moja tu. Akakataa. Bila kupimwa na kugongwa muhuri wa serikali hairushi hata moshi, hata ningekuwa askofu. Ameipeleka. Nangoja.

Wakati huo nafunza mkono. Nanyolea kushoto, napigia mswaki kushoto. Leo nimekula supu ya kabichi kushoto, na nusu imekwenda kwenye kitambaa cha meza alichotarizi mama mkwe. Květa akafuta polepole. Akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nikamwambia mimi si mbaazi. Akasema basi nenda kwa daktari, Olda, akuangalie huo mkono, unafikiri sikuoni?

Kumbe anaona.

Nimekataa. Daktari akijua, ataandika. Akiandika, leseni imekwenda. Nikamweleza hivyo kwa ukali kidogo. Alinimiminia supu nyingine, akaniwekea kijiko upande wa kushoto. Bado naufikiria huo upole wake. Ungekuwa ugomvi ningeshinda.

Jumatano, 27 Septemba

Imerudi, na muhuri wake! Nzito kama pasi ya mkaa. Ni nzuri ajabu, ila si kwa kila jicho. Haina ya kufanana nayo.

Nimeijaribu uwanjani. Bi Drahomíra, msimamizi wetu wa kurusha, akatazama karatasi yangu kwa darubini akasema, "Zimekusanyika vizuri sana, babu. Ila zimekusanyika Austria." Babu! Ananizidi mimi kwa mvi.

Nimegundua tatizo. Mkono ni wa kushoto lakini jicho linalotawala bado ni la kulia, nalo halikubali mapinduzi. Suluhisho nimelipata njiani kurudi: nimebandika plasta ya Květa ya malengelenge kwenye kioo cha kulia cha miwani. Sasa jicho la kushoto halina budi kufanya kazi. Upande wa kulia sioni kitu. Lakini upande wa kulia kuna nini cha kuona? Hakuna ila ile nguzo yenye namba za nafasi.

Jumamosi, 30 Septemba

Sijui niandikeje.

Kulipambazuka vizuri. Baridi kidogo, moshi wa soseji, watu wote wamevaa makoti yao ya kijani. Sheria ya kibao ni ya zamani: kila mtu risasi moja, karatasi yake mwenyewe, aliye karibu na kitovu ndiye bingwa. Tunarusha wawili wawili. Niliitwa pamoja na Pazdera. Yeye nafasi ya tatu, mimi ya nne.

Nikainua. Mkono ulitulia. Nasema kweli, katika maisha yangu yote sijawahi kutulia vile. Sikusikia watu, sikusikia hata moyo. Kifyatuo cha marehemu mfamasia kikaachia chenyewe kama mtu anayepitiwa na usingizi, na nikajua. Mlenga shabaha hujua kabla ya karatasi. Ilikuwa katikati ya katikati.

Karatasi zikaletwa. Yangu ilikuwa safi. Haina hata mkwaruzo.

Ya Pazdera ilikuwa na matundu mawili. Moja pembeni, la aibu. La pili katikati kabisa, kana kwamba limechorwa na seremala.

Bi Drahomíra akafungua kanuni, ingawa anazijua kwa moyo: tundu lisilojulikana mwenyewe ni nani, mwenye karatasi huhesabiwa lililo bora. Kibao ni cha Pazdera! Watu wakapiga makofi. Mimi wakadhani risasi yangu imepita hewani. Mmoja akanishika bega.

Jumapili, 1 Oktoba

Sijalala vizuri. Hesabu ya jambo lenyewe ni hii. Nikinyamaza, mimi ni mzee aliyekosa karatasi nzima. Nikidai tundu ni langu, nakiri nimepiga karatasi ya jirani, na hakuna aibu inayoizidi hiyo. Aliyewahi kufanya hivyo huwanunulia wote pipa la bia na huimbiwa wimbo kila Krismasi mpaka afe. Yupo mmoja wa kijiji cha pili ambaye bado anaimbiwa, na alishakufa.

Nimeandika malalamiko kwa kamati. Nikayachana. Nikaandika tena, nikidai kwamba upepo uliisogeza karatasi. Nikayachana hayo pia, kwa sababu uwanja wetu una ukuta pande zote.

Květa akaniuliza ninalia nini. Nikasema kitunguu. Hatukuwa na kitunguu. Nikamwambia basi, kwa mara ya kwanza, kwamba ninaogopa. Si kibao. Ninaogopa Jumamosi itakuja na sitakuwa na pa kwenda. Akanishika ule mkono wa kulia, wenye makosa, akaulaza kwenye mapaja yake mpaka kahawa ikapoa.

Jumanne, 3 Oktoba

Pazdera amekuja. Kibao amekifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, amekuja kunicheka. Nikajiandaa kwa tusi moja zuri.

Akakaa. Květa akaleta kahawa. Pazdera akainua kikombe, na kikombe kikagonga kisahani, tatatata. Akakirudisha haraka. Nami nikainua changu ili kumstahi, nacho kikagonga. Tukatazamana.

Akasema, "Sikiliza Olda, tusidanganyane, tu watu wazima. Lile tundu la katikati ni lako. Langu ni lile la pembeni. Mimi siku hizi sipati katikati hata nisali novena, siku tisa mfululizo." Akasema imeanza majira ya baridi. Kila siku anamwona Slavomír na sungura wake, na kila siku anajua ni yeye aliyemwambia, na hakuna wa kumwambia yeye. Kuna lile daraja la wazee, akasema, wanaokaa na kuegemeza mkono mezani. Linaruhusiwa. Daktari mwenyewe amemwambia halina ubaya. Tungeweza kuweka meza pale mwisho wa uwanja.

"Mbona hujaiweka?" nikamuuliza.

"Naona haya kukaa peke yangu."

Mwanamume mwenye ukuta mzima wa vibao! Nikakosa pa kuweka macho.

Kisha akanisukumia blanketi. Chukua, ni haki yako, kesho nawatangazia wote. Kibao changu cha kwanza maishani, bata bukini na kofia yake, magotini mwangu. Nikakisukuma kurudi kwake. Nikasema sheria ni sheria, Zbyněk, karatasi ni yako na kibao ni chako. Macho yakamlowa. Alidhani ni ukubwa wa moyo. Lilikuwa lile pipa la bia.

Lakini alipokwisha kwenda nimekaa nikafikiri. Labda halikuwa pipa peke yake. Labda robo ilikuwa moyo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Meza ipo! Pazdera ameitoa kwenye ghala lake, na asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Slavomír. Sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba alikaa huko muda mrefu, na kwamba Slavomír alikuja akiwa na kofia ya klabu, koti limejaa manyoya ya sungura. Bi Drahomíra akatuandika katika daraja la wazee na hakuniita babu. Tukakaa watatu, tumeegemeza mikono, tukarusha kwa zamu, tukala soseji. Nilikuwa na furaha. Naandika hivi ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuwa nayo.

Karatasi zetu ni ovyo kabisa. Kuku na mwewe. Pazdera anacheka, Slavomír anacheka, wamekubali yaishe. Mimi nilikaa nikachunguza kwa utulivu, kama mtu mwenye akili, na nimegundua kosa lilipo. Ni meza! Inatetemeka. Nilipowaambia, Slavomír akasema, "Olda wee, meza haina neno. Ni sisi tulioiegemea." Hayo ndiyo mawazo anayopata mtu akiishi na sungura.

Tayari nimeshapata miguu ya chuma ya cherehani ya mama mkwe. Ubao utatoka kwenye benchi la mwaloni linalotupwa na kanisa. Bořek anazo skrubu za trekta, na amesema hauzi, anabadilishana. Nimempa Pazdera mkono kwamba kabla theluji haijayeyuka tutakuwa na meza ambayo hata tetemeko la ardhi halitaigusa. Akaupokea, tukaushikilia kidogo, na ndani ya ule mshiko nikahisi kitu kinatetemeka.

Nadhani ulikuwa mkono wake.