Vigingi Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika msituni. Nguo zote zimelowa jasho, na mvua bado haijanyesha. Nilitazama juu nione miti inaishia wapi, kofia ikaanguka, na mwisho sikuuona. Nikabaki hivyo hadi shingo ikaniuma. Sikujua kwamba dunia ina kitu kirefu namna hii na watu wanaendelea tu na shughuli zao.

Profesa wetu ni mama mfupi mwenye buti kubwa. Ametugawia kila mmoja mita moja ya mraba, imezungushiwa vigingi na kamba nyekundu. Tuandike kila chenye uhai kilichomo. Jumamosi, atakayekuwa na aina nyingi kuliko wote atapanda naye mnara, hadi juu ya vilele vya miti. Mikanda ya kupandia ni ya watu wawili tu. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nizaliwe.

Lakini mita moja! Nimevuka bahari nije nipewe mahali pa kuanikia shuka? Mjomba wangu anagombana na jirani yake kwa mpaka wa shamba mwaka wa thelathini huu. Siku ya kuagana nilimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba nakwenda kusoma ili aibu ya kugombea vipande vya udongo ikome kwetu. Mama alilia kwa furaha. Mjomba hakunipa mkono.

Jumanne, 4 Machi

Kwangu ni majani makavu matupu. Jirani yangu ni mwanafunzi niliyempa jina la Pasi, maana hata suruali yake ya matopeni ina mstari. Mita zetu zimepakana, yake kushoto, na vigingi viwili vya katikati ni vya wote. Upande wake, kando kabisa ya mpaka, limelala gogo lililooza. Lina uyoga wa rangi tatu, mende wanaometameta na chura mdogo kama ukucha. Pasi: aina thelathini na moja. Mimi: saba, na wa saba alikuwa uzi wa kiatu changu. Kwenye ukingo wa kulia pana kishimo. Nimeandika: "Shimo. Halina mtu."

Alasiri mvua ilianza huko juu. Tuliisikia, hatukuiona. Ilichukua dakika kumi kutufikia, ikishuka jani kwa jani kama mgeni anayesalimia kila ghorofa, na tone la kwanza liliponigusa lilikuwa vuguvugu. Nilisimama mdomo wazi. Nilisahau hata wivu. Kisha nikamwona Pasi anaandika aina ya thelathini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mjomba. Nilidhani atanikatia simu. Nilipomweleza habari ya gogo, sauti yake ikawa ya kijana. Akasema mpaka hauhamishwi kwa pupa: upana wa kidole kwa msimu, na nitangulie mimi kulalamika kwamba jirani ananiingilia. Akauliza kama Pasi ana ndugu wakorofi.

Ushauri safi, ila yeye amekuwa na miaka thelathini ya kugombana, mimi nina hadi Jumamosi. Kabla ya chai nikasogeza vigingi vyote sita, vyangu na vya Pasi, shubiri nzima kuelekea kwenye gogo. Sijaiba. Mita yangu ni ileile, imehama tu. Aina kumi na tisa! Nikamshtakia Profesa kwamba Pasi ana tabia ya kuegemea mpaka. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kama ninakunywa maji ya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Shubiri nyingine. Gogo lote langu. Chini ya gome nimemkuta nge amebeba watoto mgongoni, weupe kama punje za mchele. Nikawahesabu ishirini na wawili. Profesa anasema wote ni aina moja. Hasara, lakini nilikaa nao saa nzima, magoti kwenye tope, sipumui vizuri.

Pasi amekuna kichwa, akasema anaona kama ardhi inatembea. Nikamwambia misitu mikubwa ndivyo ilivyo. Akaandika.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi arobaini na nne, Pasi arobaini na moja. Nimefanya mazoezi ya kupanda kwa kutumia kitanda cha juu. Nimeanguka. Haidhuru, mnara ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi



Mvua ilikatika asubuhi. Profesa alikuwa ameshahesabu orodha yangu, kalamu iko hewani aandike jina langu. Ndipo lile shimo likafumuka kumbikumbi. Walitoka kama moshi, mabawa yakiwaka kwenye jua, wakapanda juu, na juu tena. Nao walaji wakaja: mijusi, vyura, buibui, nyigu, ndege ambao sijui niwaiteje. Aina hamsini, sitini! Sijaona kitu kizuri hivyo maishani. Machozi yalinitoka na sikujifuta.

Na vyote vilikuwa nje ya kamba yangu, shubiri mbili kulia.

Kama ningenyamaza, ningeshinda. Roho ilikataa. Neema yote ile, bila mwenyewe! Nikapaza sauti kwamba shimo ni langu, kigingi kilikuwa hapa Jumatatu, tundu lake hili hapa. Profesa akainama. Akaliona tundu. Akaliona na la Jumatano, kisha lililo chini ya kigingi cha sasa, yote yamejipanga safu moja kuelekea kwenye gogo. Pasi akauliza taratibu kama ardhi hutembea kwa shubiri.

Pasi amepanda mnara. Mimi nimepewa kazi ya kushika kamba chini. Kumbikumbi walimpita, wakaingia kwenye mwanga ambao sitauona. Niliumia sana. Nilitazama mpaka kofia ikaanguka tena.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mjomba nimwombe radhi kwa maneno ya siku ile. Akasema yamekwisha, sasa mimi ni mwanawe. Halafu akanigombeza: nani anang'oa kigingi asifukie tundu?

Profesa ametangaza kwamba kesho kila mtu atapewa mti wake, na mwenye orodha bora atapanda mnara. Jioni nilikwenda kuitazama. Wangu ni mwembamba kama fimbo. Wa Pasi, watu watano hawaukumbatii. Vibao vya majina vimefungwa kwa uzi.

Uzi hauachi tundu.