Kifaru Kisichojulikana na Yeyote Ila Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho katuita chumba cha picha, mimi na mwenzangu Kimya. Kaweka mezani negativu ya zamani, ile filamu ya kusafishia picha: kifaru cha vita kilichotelekezwa shambani, askari wamekizunguka. Picha yenyewe ilipotea, kila mmoja ajisafishie yake. Atakayekitambua kifaru kufikia Alhamisi ndiye mkuu mpya wa chumba hiki. Kimya akaitikia kwa kichwa tu. Ndiyo kawaida yake, na inanikera. Lazima nishinde! Nilishamwambia mama mkwe kwamba ukuu ninao tangu mwaka jana, na Ijumaa anakuja kuona ofisi yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimejifungia chumba cha kusafishia picha, nikaisafisha yangu mbio mbio kabla Kimya hajafika. Negativu nikaificha nyuma ya makopo ya dawa. Atafute!
Mzinga mfupi, magurudumu madogo. Aina ya kawaida, imejaa vitabuni. Nikanywea. Halafu nikaona mfuniko wa tundu la dereva: uko kulia! Vitabu vyote vinauweka kushoto. Jamani! Aina hii haijaonwa na mtu. Nimeipa jina langu, kwa muda, mpaka dunia ithibitishe.

Jumatano, 6 Machi
Kimya kaipata negativu. Kanishukuru kwa kuihifadhi mbali na mwanga. Mtu wa hivyo unamchukiaje? Nimejitahidi.
Kuna kadoa kamoja katika ugunduzi wangu. Askari wote wanapiga saluti kwa mkono wa kushoto. Nimezunguka chumba na jambo hilo asubuhi nzima. Jibu: kikosi maalumu cha watu wa mashoto, na kifaru kiliundwa kwa ajili yao! Nyumbani mke wangu akauliza kama sikuiweka ile negativu kinyume. Nikamwomba asiingilie historia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewasilisha. Mkurugenzi kanisikiliza mpaka kwenye kikosi cha mashoto. Hapo akaanza kukohoa, na sidhani ni mafua. Kimya akaomba picha yangu, akaigeuza, akaishika dirishani tuitazame kwa nyuma. Mfuniko kushoto. Saluti kulia. Kifaru cha kawaida kabisa, na jina lake akalitaja kwa upole, kana kwamba ananipa pole ya msiba.
Kimya ndiye mkuu. Nimeona aibu, masikio yaliwaka moto. Na kesho mama mkwe!

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwomba Kimya aniazime kiti chake kwa muda wa chai. Kakubali bila swali. Afadhali angekataa.
Mama mkwe kaingia, katazama kiti, katazama dirisha, karidhika. Akamtuma Kimya chai. Kimya akaleta, na sukari pembeni. Mama mkwe akasema kijana huyu ana adabu sana, kwa nini simpandishi cheo? Nikamwahidi nitalifikiria.

Jumatatu, 11 Machi
Kimya kanipa picha nyingine. Hii kaisafisha mwenyewe, kwa hiyo kosa halipo. Kifaru kiko mtaroni, minyororo juu, mzinga chini. Yeye kaandika tu kwamba kimepinduka. Haraka haraka namna hiyo, bila utafiti! Na kama kiliundwa hivyo?
Nimeanza ripoti. Mama mkwe nimeshampigia simu, ajiandae kwa habari kubwa.