Mama Mkwe Bwawani

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kasilda yuko kwao Inyonga tangu Pasaka. Anasema hawezi kuishi na mume anayechezea maji. Nimemweleza kwamba kukodisha mtumbwi kwenye bwawa la Mpanda ni kazi kama kazi nyingine. Amekubali kurudi kwa sharti moja: mama yake aje, aone kwa macho yake, aseme ni kazi. Wanakuja Jumamosi.

Tatizo ni Malale. Mimi nina mtumbwi mmoja wa mbao, nimeutoa Kapalamsenga, kule ziwani, kwa lori la fuso. Yeye kaleta kayaki za plastiki, za njano, na majaketi okozi. Wateja wote kwake. Watu wa mjini wanapenda rangi.

Jumatano, 9 Julai

Nimewaambia bodaboda wa stendi, kwa siri, kwamba kiboko wa bwawani akiona njano anapandwa na hasira. Bodaboda hawana siri. Kufika mchana mji mzima unajua. Hakuja mtu, si kwake, si kwangu. Inaonekana walisikia neno kiboko tu, ya njano hawakuisubiri. Malale kaniuliza kama namjua aliyeeneza uzushi. Nikamjibu dunia imeharibika.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwendea Generosa, mwalimu wa kwaya kigangoni. Nimeomba wanakwaya wake wapande bure kesho, mradi wapange foleni na waonekane wana hamu. Kasema huo ni uongo. Nikasema ni uinjilishaji. Kakubali shingo upande.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzito. Mama mkwe kaja, Kasilda nyuma yake. Nikasimama mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Kwetu mtu hampi mama mkwe mkono, wala hakai naye kiti kimoja. Foleni ilikuwa ndefu, tena inaimba. Mama mkwe kamtuma Kasilda aniambie ameridhika. Nilikaribia kulia.

Kisha mama mkwe akasema na yeye anataka kupanda.

Jamani. Mtumbwi ni wa watu wawili, na mpiga kasia ni mimi. Magoti yangu yaguse mgongo wa mama mkwe, mbele ya kadamnasi? Malale, bila kuombwa, kamvika jaketi, kamketisha kwenye kayaki, wakaondoka. Nikafuata kwa mbali, kwa heshima. Kumbe mtumbwi ulikuwa na ufa, na wanakwaya walishaupanua kwa kupanda na kushuka. Maji yakajaa, nikazama. Mama mkwe kaninyooshea mkono. Nikakataa. Mila ni mila. Nikazama tena. Ndipo akamnyang'anya Malale kasia, akaninyooshea hilo, akanivuta mpaka ukingoni bila kunigusa, huku Malale akipiga maji kwa mikono.

Jumapili, 13 Julai

Hukumu imetoka, kupitia Kasilda. Mama mkwe anasema kukodisha ni kazi, ila mwenye kazi ni Malale. Adabu yangu kaisifu sana. Kasilda atabaki, mradi niachane na mtumbwi, nikamsaidie Malale kuwafunga wateja majaketi. Nimekubali mbele ya wote. Malale kanipokea bila kinyongo, jambo ambalo limeniudhi. Mchana Kasilda kapika. Nilikuwa nimesahau raha ya kula na mtu. Nampenda mke wangu, sitaki aondoke tena.

Lakini nimefikiri. Mpanda nzima imejaa wakwe, na hakuna chombo kinachowafaa. Mtumbwi wenye ukuta katikati: mkwe upande huu, mama mkwe upande ule, hawaonani. Malale hawezi kuwaza kitu kama hicho. Mbao nimepata. Nimeng'oa mlango wa chumba chetu wakati Kasilda anamsindikiza mama yake stendi.