Malalamiko Dhidi ya Tezi Zilizonijibia Posa

Fauzia Likwata,
Mwalimu wa Biolojia,
Kilwa Kivinje.

Kwa Mheshimiwa Haipothalamasi,
Msimamizi wa Neva na Homoni,
Chini ya Ubongo Wangu.

Mheshimiwa,

YAH: KUJIBIWA POSA BILA IDHINI YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kuna mlio haujanitoka masikioni tangu Ijumaa. Ni kikombe changu cha chai kikigonga kisahani chake, tiki tiki tiki, huku Shangazi Mwanaima amesimama mlangoni akiniuliza kama namkubali Yassini, karani wa mizani kwenye ghala la korosho kule Mitole. Jibu nilikuwa nalo. Nililifanyia mazoezi siku kumi na moja: "Naomba miezi sita nifikiri." Shangazi aliuliza mara tatu, kama desturi inavyotaka, nami mara tatu sikutoa neno. Kwetu mwari akinyamaza amekubali. Akarudi sebuleni kuwaambia wageni kwamba mwenyewe kaona haya, lakini kikombe kimeshajibu. Vigelegele vikapigwa. Ijumaa ijayo wanakuja kupanga siku ya ndoa.

Shangazi simlaumu. Nakulaumu wewe, ambaye kwa ukubwa hupiti korosho moja iliyobanguliwa, na bado unatawala mtu mzima mwenye shahada. Malalamiko ni haya:

1. Uliziarifu tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, kwamba nimevamiwa na chui. Chui hakuwepo. Alikuwepo shangazi, na sahani ya vitumbua. Adrenalini ikamwagwa, mikono ikatetemeka, na mate yakakauka hata ulimi ukagandamana na kaakaa. Ningekuwa na kijiko kimoja tu cha mate, leo ningekuwa na miezi yangu sita.

2. Damu ilipelekwa usoni bila kibali. Bi Mastura, mama yake Yassini, aliiona akaisifu.

3. Bi Mastura huyo aliponishika mkono, ulitoa oksitosini nikatulia kama mtoto aliyeshiba. Nilijipima mapigo: sabini kwa dakika. Kumtuliza mlalamikaji wakati shauri lake halijasikilizwa, Mheshimiwa, ni rushwa.

4. Jumatatu Yassini aliniandikia kwenye simu: "Huko mvua imenyesha?" Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa. Mapigo yalifika mia moja na kumi na mbili. Mvua haikuwa imenyesha, na nilimjibu kwa aya tatu.

Kwa hiyo naomba tezi za adrenali zihamishiwe kwenye kisigino, ambako zitakuwa mbali na mazungumzo ya watu. Naomba ulimi upewe mamlaka yake ya ndani, pamoja na akiba ya mate isiyoguswa na idara nyingine. Naomba pia kila habari inayomhusu Yassini ikae siku tatu kwenye ubongo wa mbele, isomwe na kugongwa muhuri, ndipo moyo ujulishwe. Haya yasipotekelezwa kabla ya Ijumaa, nitaitisha kura ya viungo vyote, na nakuonya kwamba tumbo, ambalo halijasaga chakula sawasawa tangu siku ile, liko upande wangu.

Nisalimie kongosho, ambaye katika vurugu zote hizi hajaacha kushughulikia sukari yangu. Figo zote mbili uzipe pole kwa wapangaji wa juu. Tezi ya shingo mwambie nimemkumbuka.

Nabaki kuwa mwenye mwili, angalau kwenye karatasi,

Fauzia Likwata

Tanbihi: Kabla sijaikunja barua hii, baba ameniita. Amesema yeye hapokei ushahidi wa vyombo. Anataka neno la binti yake, na nikitaka muda nitapewa, hata mwaka. Akanipa maji nikanywa. Mate yalikuwepo, mikono imetulia, mapigo sabini na mbili: mwili mzima ulikuwa kama nilivyoudai hapo juu. Nikafungua kinywa niombe miezi yangu sita, nikasema, "Namkubali." Baba akaniuliza tena, nami nikarudia, kwa sauti ambayo shangazi aliisikia kutoka jikoni. Kisha nimekwenda mwenyewe kwa miguu kumwambia Bi Mastura, na nimerudi sasa hivi. Njiani mapigo sikuyapima.