Paspoti Kwapani

Jumatano, 1 Oktoba 1975
Tiketi imefika. Ameituma binti yangu Lornah, muuguzi huko London. Amejifungua msichana wa pili, na kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo kuna Nyokabi tena duniani. Yule wangu, mama yake Lornah, tulimzika mwaka jana. Nimetoa kiondo cha mwisho alichosuka. Kitakuwa cha mtoto.

Jioni akaja jirani yangu Kinyanjui. Aliwahi kukaa London wiki chache, na tangu hapo huvaa koti hata Januari. Akasema siku hizi ndege zinatekwa, mabomu yanaachwa ndani ya mabegi, na wezi wa kule wanakuvua soksi ukiwa umevaa viatu. “Baba Lornah, huko si hapa mtaani kwetu Woodley.” Nikamjibu kwa upole kwamba nitajipanga. Hatanishinda.

Ijumaa, 3 Oktoba
Mwizi hataki kitu kibaya. Nimefunika kiondo kwa gunia la makaa. Wazo zuri sana.

Nikaenda mjini, ofisi ya ndege, kuthibitisha kiti. Foleni ndefu. Mara nikaona mzigo mweusi karibu na mlango, hauna mwenyewe. Nikakumbuka mabomu ya Kinyanjui, nikapiga kelele. Watu wakakimbia hadi barabarani, mimi mbele yao. Dalmas, askari wa mlangoni, akaumwagia ndoo ya maji, akaufungua kwa rungu. Akatoka na kiondo mkononi, akiuliza ni cha nani. Nikatazama mawingu. Mama mmoja wa foleni akasema, “Mzee, si wewe umeingia nacho?”

Nyumbani, kiondo kinanukia katani mbichi. Nyokabi alikuwa akilowesha katani na kuisokota pajani, nami nikilalamikia harufu. Nimekiweka karibu na kiti changu. Sijakianika.

Jumatatu, 6 Oktoba
River Road, kwa Mbarak, fundi cherehani kutoka Lamu. Nikamwomba aishone paspoti ndani ya koti, kwapani, pande zote nne. Akauliza nitaitoaje. Nikamwambia hiyo ni shida ya mwizi. “Mwizi hana shida, mzee wangu. Shida utakuwa nayo wewe.” Watu wa pwani wanapenda utani.

Kisu changu kidogo nitakiacha nyumbani, nisije nikadhaniwa mteka ndege.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku mbaya. Kinyanjui alinipeleka uwanja wa ndege wa Embakasi kwa gari lake. Ofisa akaomba paspoti. Sikujua inaombwa hata hapa kwetu. Nilidhani ni Waingereza tu wenye shaka. Nikavua koti. Uzi wa Mbarak haukatiki. Nikauliza kama kuna mwenye wembe. Foleni nzima ikarudi nyuma. Nikajaribu meno, lakini ya mbele niliyapoteza zamani. Polisi akaja, akataka kujua kwa nini ninakula koti. Nikapelekwa chumba cha pembeni. Walipopata mkasi, ndege ilikuwa imeondoka.

Kinyanjui hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinibebea kiondo hadi garini, akakiweka kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma.

Ijumaa, 10 Oktoba
Posta, simu ya London. Lornah alikuwa amesubiri uwanjani na watoto wote wawili. Akalia kidogo. Kisha akasema tiketi imekubaliwa kwa ndege ya Jumanne, lakini hawataibadilisha tena. Nikiikosa hiyo, basi. Akaongeza, kama tunavyotaniana kwetu, “Baba, mke wako huyu hapa,” akamsogezea yule mtoto simu.

Alikuwa na kwikwi. Nyokabi wangu naye alishikwa na kwikwi kila alipocheka sana. Nikavua kofia. Nikasema nakuja.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Kosa lilikuwa kwapa. Nimerudi kwa Mbarak, nikamwomba aishone paspoti chini kabisa ya kiondo, kwa uzi wa viatu. Gunia jipya la makaa ninalo. Na safari hii sitaombaomba wembe kwa watu: nimenunua mkasi wangu mwenyewe. Nimemwambia Mbarak aushone humo humo pamoja na paspoti, usije ukaibwa.

Aliuweka mkasi juu ya paspoti. Kisha akatunga uzi.

Jumanne nitamwona Nyokabi.