Namba Yangu Haigawanyiki

Jumanne, 3 Juni
Siku njema huonekana asubuhi. Mkuu wa shule katangaza: Jumatatu, mbele ya wazazi, mwalimu atakayeandika ubaoni namba tasa kubwa kuliko wenzake, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, atapewa idara ya hesabu. Ofisi yake ina mlango! Mimi tangu niajiriwe nakaa mwisho wa meza ya walimu, ubavuni mwa ndoo ya kupigia deki. Mpinzani ni mmoja tu, Bi Darubini wa biolojia. Ana 7919. Tarakimu nne, maskini. Mimi ninayo 111111111111. Kumi na moja, yenye moja mbili, ni tasa. Sembuse hii yenye moja kumi na mbili!

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, anashona mapazia sebuleni. Hakuna aliyemuuliza. Akazihesabu zile moja kwa ncha ya sindano, akasema ziko kumi na mbili, kumi na mbili inagawanyika kwa tatu, basi na namba nzima inagawanyika kwa tatu. Nikaigawanya ili nimwumbue. Ikagawanyika. Lo! Lakini akili ni mali. Ile tatu nimeitupa, nimebaki na 37037037037. Sura yake tu inatisha. Hii ni tasa.

Alhamisi, 5 Juni
Mke wangu kaisoma kwa sauti huku anapiga pasi: thelathini na saba, sifuri, thelathini na saba, sifuri... Akauliza mbona thelathini na saba inarudirudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nikamwambia aangalie shati langu lisiungue. Kisha nikajifungia bafuni na karatasi. Inagawanyika kwa thelathini na saba! Imebaki 1001001001. Mama mkwe, bila hata kuinua macho, kasema nijaribu saba. Huyu mama ana kijicho. Nikajaribu saba. Imebaki 143000143.

Jumamosi, 7 Juni
Mama mkwe tena! Kasema 143 iliyokaa mbele ndiyo iliyokaa nyuma, niigawanye kwa hiyohiyo. Imebaki 1000001. Halafu akaweka sindano chini.

“Mwanangu, namba ikijirudia, kile kinachojirudia ndicho kinachoigawanya. Shika hilo tu.”

Nikamwambia nimeshika, mama. Wakati huo nilikuwa natafuta kifutio.

Jumapili, 8 Juni
Nimeigawanya 1000001 kutwa nzima. Ikakubali kwa 101, ikabaki 9901. Nikaijaribu hiyo kwa kila namba tasa kuanzia mbili hadi 97. Zote ishirini na tano zimegoma! Mama mkwe kaikagua mara mbili, kasema hii ni tasa kweli, na imempita Bi Darubini. Mke wangu kanikumbatia. Mama mkwe kaanza kukata kitambaa cha pazia la ofisi yangu. Nimelia kidogo, sitaki kuficha.

Baadaye nikaitazama vizuri. Tarakimu nne. Nne, sawa na za Bi Darubini! Wazazi watasema tumelingana. Thubutu! Nimeiandika mara mbili: 99019901. Tasa juu ya tasa. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Juni
Wazazi walipiga makofi mpaka nikaona haya. Ndipo Bi Darubini akanyoosha mkono, akaniomba kwa upole niigawanye kwa 9901. Nikaigawanya pale pale ubaoni. 10001, hakuna baki. Mke wangu akainama kuangalia viatu vyake. Idara kapewa Bi Darubini, na pazia mama mkwe kampa yeye, mbele ya macho yangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri. Mtu mzima hujifunza kwa makosa, na kosa langu nimeliona. Mara mbili ni chache mno. Mwakani naiandika mara tatu: 990199019901. Hiyo nani ataigawanya?