Mkaguzi wa Magodoro

Asubuhi hiyo Mdomo aliamka na mgongo unaomuuma na mke asiyemsemesha, na yote mawili yalitokana na kosa moja: alikuwa ameuza godoro lao. Mke alipofungua kinywa hatimaye, ingekuwa heri angenyamaza.

"Ukirudi bila godoro, usirudi."

Mbele ya kioski Mdomo akaliona lori limesheheni magodoro, milango wazi, dereva mzee akinywa chai. Alitoa mfukoni kizibao chake kinachong'aa, akakivaa, na papo hapo akawa serikali.

"Mzee, mimi mkaguzi wa usalama. Kanuni za magari ya mizigo unazijua?"

"Nifundishe, mkubwa," dereva alijibu kwa unyenyekevu wa kutia huruma.

Mdomo akamfundisha. Kabla ya kuondoka zunguka gari, funga milango kwa kufuli. Ukishashika usukani, macho mbele. Hata ukisikia kelele nyuma, usisimame. Na mzigo ukizidi, kilichozidi hushushwa, kinabaki mikononi mwa serikali. Hizo mbili za mwisho alizitunga palepale, maana kipaji anacho.

"Sasa wewe umezidisha godoro moja."

"Lipi, mkubwa?"

Swali zuri. Mdomo akapanda mwenyewe kuchagua. Akaminya hili, akalalia lile, hadi akafika la ndani kabisa, nene, laini, na mgongo wake ukasahau shida zote. Akafumba macho kidogo tu, kwa ajili ya ukaguzi.

Dereva alimaliza chai. Akalizunguka gari kama alivyofundishwa, akafunga milango, akatia kufuli.

Njia nzima Mdomo alipiga ngumi ukutani akilia, "Mzee! Simama!" Mzee alimsikia vizuri sana. Macho mbele, akaongeza sauti ya redio.

Mzigo ulikuwa wa kituo cha polisi, magodoro mapya ya mahabusu.

"Afande, magodoro yako haya," dereva alisema akifungua. "Na huyu hapa amezidi. Kanuni yake mwenyewe inasema kilichozidi kinabaki mikononi mwa serikali."

Jioni mke wa Mdomo alileta chakula. Alipenyeza mkono kwenye nondo za mahabusu, akaliminya godoro alilokalia mumewe.

"Kumbe umelipata. Laini?"

"Laini mno, mke wangu," Mdomo alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi lala salama, baba. Mimi narudi sakafuni kwangu."